Hapa Mheshimiwa Kala Barabara

Mwenye kikohozi na akohoe sasa, amalize kabisa, maana safari hii ni ya nchi ambako mtu akikohoa katikati ya neno anaweza kumfungisha jirani yake.

Nchi yenyewe inaitwa Shadani. Ngwali aliingia huko kwa miguu. Alitokea wapi, alilala wapi, alikula nini njiani, hayo tuyaache. Msafiri akianza kusimulia malengelenge yake hafiki kwenye maneno. Itoshe kwamba mpakani alikuta bango kubwa limeandikwa KARIBU SHADANI, FUATA BARABARA, na nyuma ya bango hapakuwa na kitu ila miiba na upupu hadi jicho linapochoka. Ngwali akatafuta barabara kushoto, akatafuta kulia, akainama akatazama hata chini ya bango. Mwishowe akafuata upupu.

Alikuwa mchuuzi wa vitana na vioo vya mkononi, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko bidhaa. Dunia ilikwishamchapa mpaka akaizoea, kama mtu anavyozoea mkwe mkali. Mwaka wa ukame aliwahi kuuza miavuli, na mmoja uliobaki alikuwa bado anauchukua begani, kama ukumbusho wa akili zake za zamani.

Basi akaingia mjini anajikuna, na duka la kwanza alilolikuta lilikuwa na kibao kimeandikwa SUKARI. Juu ya ile *ka* ya katikati palitundikwa shada la asumini na vilua, zuri, bichi, linanukia mpaka barazani. Ngwali akavua kofia. Akaushusha uso, akaingia polepole kama anavyoingia mtu matangani.

"Poleni sana, ndugu zangu. Ndiyo kazi ya Mungu."

Mwenye duka akaacha kupima mchele. "Kafa nani?"

"Sijui, kaka. Nimeona shada hapo nje."

"Shada la sukari hilo."

"Sukari imekufa?"

"Ife vipi, na jana tu imepanda bei?" Mwenye duka akamtazama juu mpaka chini, akaona kofia mkononi na mikwaruzo miguuni. "Aa, mgeni wewe. Umepita kwenye upupu. Lete sikio. Sema sukari."

"Sukari."

"Umekaza wapi?"

Ngwali akalirudia neno kimoyomoyo. Tangu azaliwe hajawahi kuulizwa. "Kwenye *ka*."

"Na shada liko wapi?"

"Kwenye *ka*."

"Sasa msiba uko wapi?"

Ngwali akatoka nje tena, akatazama mtaa mzima. CHUMVI ina shada. KINYOZI ana shada. Choo cha soko kilikuwa na shada kubwa kuliko vyote. Mtu angedhani mji mzima unaoa na unazika siku moja.

Chanzo chake, kwa walivyomweleza wenyewe, ni kwamba muasisi wa nchi aliacha amri moja tu: *Kila neno lipewe shada lake.* Akafa bila kufafanua. Wasomi wakagawanyika. Kundi moja, la Wakazo, likasema shada ni uzito wa sauti, pale neno linapobonyezwa, na kila mwenye mdomo analo hata kama halioni. Kundi la pili, la Wamaua, likasema shada ni maua, jambo analolijua kila aliyewahi kuhudhuria harusi, na kwamba mtu asiwafanye wajinga. Akajitokeza mzee mmoja akasema jamani, kule neno lilikotoka, shada ni kialama kidogo kinachokaa juu ya herufi kama vijino vya kitana. Wakamshukuru sana, wakampa kazi mbali. Mabishano yakaendelea mpaka wote waliomwona muasisi kwa macho wakaisha, na katika kila maziko Wamaua walileta maua na Wakazo walileta kelele.

Hatimaye ikapatikana suluhu, kama zinavyopatikana suluhu serikalini, kwa kuwapa wote wawili haki na kumpa mwananchi mzigo: maua yatundikwe pale sauti inapokaza. Neno lolote linaloandikwa hadharani lazima livikwe shada mahali pake. Neno lisilo na shada likaitwa neno kichwa wazi, nalo sheria ikaamuru lisomwe kwa ada, yaani kwa kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kama yalivyo maneno ya watu wengi wasio na makuu. Ila wakubwa, kwa heshima yao, waliruhusiwa kuvika maua kila silabi ya majina yao. Ndiyo maana Waziri wa Njia, Mheshimiwa Shibe, hakuweza kutajwa ila kwa kupiga ukelele mara mbili: SHI! BE! Watoto wachanga mtaani kwake walikuwa hawalali.

Wa kulinda sheria hii waliitwa Masikio. Walivaa kanzu za kijani, wakatembea wamekunja kiganja nyuma ya sikio. Mmoja wao alimkanyaga Ngwali kidole sokoni.

"Ala!" Ngwali akaruka.

Sikio akasimama papo hapo. "Ala gani? Ya kazi au ya muziki?"

"Sina ala, bwana, nimeumia!"

"Nimekusikia umetaja ala. Umekaza mwanzo. Ukikaza mwanzo ni chombo. Ukishangaa, kaza mwisho. Iko wapi hiyo ala?"

Ngwali akatazama huku na huku, akamwonyesha kitana. Sikio akakikagua meno yote, akakirudisha, akasema mara nyingine aumie kwa utaratibu.

Njaa ndiyo iliyompeleka kwa Bi Sihaba. Alikuwa mama mnene wa makamo, anapika chini ya paa la makuti, juu ya mafiga matatu meusi aliyoachiwa na mama yake, ambaye naye aliachiwa na wake. Mtaa mzima uliamka kwa harufu ya vitumbua vyake. Juu ya mlango palikuwa na kibao: HAPA MHESHIMIWA KALA BARABARA. Shada la neno la mwisho lilikuwa juu ya *ra* ya kwanza.

"Karibu, mwanangu. Kaa, ujikune ukishiba."

"Shikamoo, mama. Ni kweli Mheshimiwa alikula hapa?"

"Marahaba. Waziri wa Njia mwenyewe, tena alikaa papo hapo ulipokaa. Alikula wali wa nazi na samaki wa kupaka mpaka akalegeza mkanda. Akaomba na ukoko! Sasa mimi nifanyeje? Nikaandika. Biashara matangazo." Akanyoosha mwiko kuelekea juu. "Kala ba-RA-ba-ra. Sawasawa, vizuri, hakubakisha. Ndiyo maana nimelipandisha shada pale, kwenye *ra*. Neno hili lina hila, mwanangu. Ukilikaza nyuma kidogo, ba-ra-BA-ra, imeshakuwa njia ya kupita magari. Na mtu hali njia."

Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, lakini wateja wawili kwenye benchi walisita na matonge yao hewani, wakatazamana, wakameza.

Ngwali alikuwa anachambua mwiba wa samaki wakati mbuzi alipokuja. Alikuwa beberu mweupe, mwenye kengele ya shaba shingoni, wa Mheshimiwa Shibe mwenyewe. Mbuzi huyo alizoea kula anapotaka na hakuna aliyethubutu kumkemea. Akapanda benchi, kutoka benchi akapanda pipa, akanyoosha shingo, akaling'oa lile shada kwa adabu kabisa, akaanza kulitafuna.

"We! We beberu! Toa! Mwanangu, mshike!"

Ngwali akamshika mkia. Hiyo haikusaidia, kwa sababu shada lilikuwa upande wa pili.

Kengele na makelele vikamleta Sikio Mkuu, Bwana Ritifaa, mtu mrefu mwembamba, kichwa kimeinamia mbele, daima anaelea juu ya watu kama ile alama juu ya *ng'ombe*. Akatazama kibao. Neno la mwisho lilikuwa kichwa wazi. Akalisoma kwa ada, midomo ikichezacheza, na uso wake ukabadilika.

Watu nao wakajaa. Kila mmoja akasoma kimyakimya, midomo ikichezacheza. Hapa Mheshimiwa kala… ba-ra-BA-ra. Kisha mmoja baada ya mwingine wakageuza shingo kuutazama upupu, kule ambako barabara ilikuwa imezinduliwa kila mwaka, kwa ngoma na hotuba, na haijawahi kuonekana. Hakuna aliyecheka. Mtu anayecheka anasikika.

"Funga mgahawa," akasema Bwana Ritifaa.

Kesi ilisikilizwa kesho yake na Hakimu Nukta, mzee mfupi wa mviringo aliyependa mambo yaishe. Kwa bahati mbaya maua yalimtia mafua, na mahakama ya Shadani ilikuwa imejaa maua. Kila alipopiga chafya karani alisimamisha kalamu, akamuuliza kama hiyo ni amri.

Bwana Ritifaa akaeleza shitaka. Mshtakiwa ametangaza hadharani kwamba Waziri wa Njia amekula njia. Adhabu yake ni kufukuzwa nchini.

Ngwali aliyaona macho ya Bi Sihaba yakienda, si kwa hakimu, bali dirishani, kule paa lake la makuti lilikokuwa. Mafiga hayabebeki. Ukiyang'oa ni mawe tu.

Sheria ilitaka neno lenye ubishi lisomwe na sikio la mgeni, lisilo na upande. Wakamsimamisha Ngwali.

"Soma kama ulivyoliona."

"Hapa Mheshimiwa kala ba-RA-ba-ra."

"Shada unaliona?" akauliza Bwana Ritifaa.

"Nililiona jana, bwana. Sasa liko tumboni."

"Tumboni mwa nani?"

"Mwa mbuzi wa Mheshimiwa."

"Kwa hiyo shada liko katika mikono salama ya serikali, na neno liko kichwa wazi. Mgeni, jana ulikula kwa mshtakiwa?"

"Nilikula."

"Vizuri?"

"Sana. Ba-RA-ba-ra."

"Mheshimiwa Hakimu, sikio hili limepakwa nazi. Naomba lisitumike."

Likakataliwa. Ngwali akarudi kukaa.

Bi Sihaba akanyanyua mkono. "Baba Hakimu, nina swali moja tu kwa Mheshimiwa. Nikimaliza nafunga mdomo."

Mheshimiwa Shibe alikuwa amekaa mbele, kwenye kiti chenye mito, amezungukwa na mawaziri wenzake waliovalia suti. Akaitikia kwa kidole.

"Mheshimiwa, uliwahi kula kwangu, hukuwahi?"

Mawaziri wakamgeukia. Mmoja akatabasamu. Kula kwa mama wa makuti, kwenye benchi, pamoja na wapagazi! Jasho likamtoka Mheshimiwa kwenye shingo.

"Mimi?" akasema. "Kwenye benchi? Sijawahi hata kupita hapo."

"Hukula wali wa nazi?"

"Sikula."

"Hukuomba ukoko?"

"Mama, nakwambia sijala kwako, si vizuri, si vibaya!"

"Ahsante, baba." Bi Sihaba akaugeukia umati. "Jamani, neno lenyewe lina maana mbili tu. Moja Mheshimiwa ameikana mwenyewe, mbele yenu. Mimi sisemi kitu. Nimefunga mdomo."

Mheshimiwa Shibe akataka kusema kwamba, kwa kukumbuka vizuri, huenda alionja kidogo, lakini waziri wa pembeni alikuwa bado anatabasamu. Hakimu Nukta akapiga chafya tatu za mfululizo, na karani akauliza kama hizo ni amri, na Hakimu, aliyeona kabisa shimo liko wapi na nani yuko ukingoni, akaona afadhali kumaliza.

"Amefukuzwa!" akasema. "Atoke kwa barabara ya serikali, mchana kweupe, kabla shada la mahakama hii halijanyauka. Asikanyage pori. Akikanyaga pori amekuwa mtoro, na mtoro jina lake linafutwa, haitwi tena na mtu. Nukta."

Bi Sihaba akajitwika kitambaa chenye sufuria moja na kanga mbili. Mtaa mzima ukamfuata mpaka ukingo wa mji, na Ngwali akamchukulia mwiko. Hapo akasimama.

"Bwana Ritifaa, baba. Nipite wapi?"

"Hapo mbele."

"Huo ni upupu."

"Hiyo ni barabara. Imezinduliwa."

"Sawa. Basi tangulia, nikanyage unapokanyaga."

Bwana Ritifaa akaingia hatua kadhaa kwa heshima yote ya cheo chake. Akarudi mbio, anajikuna mahali ambapo mtumishi wa umma hajikuni mbele za watu.

"Ni pori au ni barabara?" Bi Sihaba akauliza. "Likiwa pori, sikanyagi, Hakimu kasema nitakuwa mtoro, na mimi ni mtu wa kutii. Ikiwa barabara, nionyesheni, niende zangu. Ila mkishindwa kuiona, mkamwambie Mheshimiwa wenyewe, tena msikaze sana."

Akashusha mzigo, akaukalia.

Sasa iko sheria nyingine Shadani, ya zamani, ambayo Hakimu Nukta aliikumbuka palepale, na mafua yakamkauka: shada la mahakama likinyauka kabla hukumu haijatimia, hukumu inamrudia aliyeitoa. Akageuka, akamshika Mheshimiwa Shibe mkono, akamvuta pembeni. Watu walisikia vipande tu. "Ukinipeleka mimi kwenye miiba ile…" na "…basi na mimi nitasoma kile kibao kwa sauti."

Kesho yake majembe yakaonekana.

Shadani hawakuwahi kuona serikali ikifanya kazi hivyo. Masikio wakafyeka, Bwana Ritifaa akasukuma toroli, na Mheshimiwa Shibe akasimamia mwenyewe, amekunja suruali, kwa sababu kila alipoondoka kidogo Hakimu Nukta alimtumia mtu kumuuliza yuko wapi. Shada la mahakama likawekwa kwenye chungu cha maji, karani akilipulizia ukungu. Jua lilipokuwa kali mno, Ngwali akakumbuka alichokuwa nacho begani. Akaufungua ule mwavuli wa mwaka wa ukame, ukatoa vumbi kama moshi, akaushika juu ya maua. Kumbe haukuwa biashara mbaya, ulichelewa tu.

Na wafanyakazi wale wanakula wapi? Mtu anayesubiri barabara bado hajafukuzwa, kwa hiyo mafiga yakawashwa tena. Siku moja, saa ya jua la utosi, Mheshimiwa Shibe mwenyewe akaingia chini ya makuti, kavimba viganja, akajitupa kwenye benchi katikati ya wapagazi bila kutazama nani anamtazama. Bi Sihaba akampakulia bila neno. Akala. Akalegeza mkanda. Akasita, akasema kwa sauti ndogo:

"Ukoko upo?"

"Upo, baba. Nimekuwekea."

Barabara ikafika mpakani shada likiwa limeanza kuinamisha vichwa. Watu walitoka wote. Bi Sihaba akajitwika mzigo wake, akatembea katikati ya barabara mpya, mchana kweupe, wanawake wakilia na kupiga vigelegele kwa pamoja maana hawakujua lipi linafaa. Akafika kwenye bango la KARIBU SHADANI, akapita upande wa pili, akasimama na miguu yote nje ya nchi. Bwana Ritifaa akatangaza: "Ametoka!" Hakimu Nukta akashusha pumzi iliyosikika mpaka mjini.

Bi Sihaba akageuka, akaanza kurudi.

"We mama! Wapi?"

"Nyumbani. Nimeacha maharage jikoni."

"Umefukuzwa!"

"Nimefukuzwa, nimetoka, umetangaza mwenyewe. Nimepewa amri ya kutoka kwa barabara. Nani alisema barabara yenu inakwenda upande mmoja?"

Bwana Ritifaa akamtazama Hakimu. Hakimu akatazama shada, lililokuwa limedondosha ua la kwanza, akafikiria kesi nyingine, hotuba nyingine, maua mengine. Akapiga chafya.

"Hiyo ni amri?" akauliza karani.

"Andika hivyo," akasema Hakimu Nukta, akaenda zake.

Ngwali alikaa Shadani mpaka vitana vikaisha. Siku ya kuondoka alimkuta Bi Sihaba ametundika kibao kipya: MHESHIMIWA KAJENGA BARABARA. Mheshimiwa Shibe alipopata habari alifurahi, akaleta kwa mkono wake shada la waridi na mlangilangi, pana kama sinia, lifunike neno lote kama likiweza. Beberu wake akaja nyuma, kengele inalia.

Ngwali akapanda juu ya pipa, shada mkononi. "Nilitundike wapi, mama? Kwenye *ra*, tumsifu kwamba kajenga vizuri? Au kwenye *ba*, kwamba kajenga njia?"

Mheshimiwa akakohoa kidogo, akanyoosha kidole kuelekea *ra*.

Bi Sihaba akapangusa mikono kwenye kanga. Akatoka mlangoni, akaitazama barabara iliyonyooka mpaka bangoni, bado changa, bado inang'aa. Mvua moja tu ilikuwa imenyesha. Karibu na mlango wake palikuwa na shimo, na ndani yake bata wawili walikuwa wanaoga. Akamtazama Mheshimiwa, akamtazama yule beberu.

"Mpe mbuzi," akasema.